Nitumie Loveday

Carnwartha, Cornwall
6 Machi 1933

Mdogo wangu Digory,

Nakusalimu katika jina la Mwokozi wetu, na kwa niaba ya wote wa hapa wanaokukumbuka, ambao sasa wanaenea kwenye benchi moja. Natumaini kifua chako kimetulia na kwamba huko Australia mmepata mvua. Sisi tunayo ya kutosha, ningekupelekea kama ingefungika. Mimi sijambo, ila chakula hakinikai vizuri siku hizi. Loveday wako hajambo? Mbusu kwa niaba ya shangazi yake ambaye hajawahi kumwona.

Habari kubwa ni kwamba makanisa yetu mawili yamekuwa moja. Unakumbuka tulivyokatazwa hata kununua maziwa kwa watu wa kanisa la chini, ingawa nao ni Wamethodisti kama sisi? Sasa tunakaa nao bega kwa bega, na vitabu vipya vya nyimbo vimekuja. Jirani yangu, Bibi Chegwidden, alikipima chake mkononi akasema, "Kizito. Afadhali, kitazuia mlango upepo ukivuma." Tuni ya baba haimo. Haikuwamo hata kwenye kile cha zamani, kwa hiyo sikulia.

Nilichokililia ni kingine. Hannibal Curnow alifariki Januari. Tulimsindikiza kama tunavyosindikizana hapa, jeneza likibebwa kwa mikono, waimbaji wakitangulia njia nzima kutoka mlangoni kwake hadi kaburini. Tulimwimba Loveday. Nasema "tulimwimba" kwa sababu bado ndivyo tunavyosema. Baba aliitunga tuni ile wiki tuliyomzika mdogo wetu, akaipa jina la marehemu, na tangu hapo kila mwimbaji wa Carnwartha husema "msimkimbize Loveday" au "Loveday anataka pumzi hapo", kana kwamba mtoto yule alikua akawa mtu mzima kati yetu.

Digory, haikuwa na besi. Wewe ulipoondoka ulimwachia Hannibal besi ya baba, na Hannibal aliwaimbia wafu wote wa kijiji hiki. Akaja kuzikwa mwenyewe, hakuna wa kumwimbia. Bibi Chegwidden alishika alto, mzee Silas Trembath alishika sauti ya tenor kwa meno mawili yaliyobaki, mimi nikapanda na sauti ya kwanza. Tulipofika mstari wa tatu, pale ambapo sisi sote hupanda na besi hubaki mahali pamoja bila kusogea, nilijiona kama mtu aliyepanda ngazi mgodini, akaangalia chini, akakuta aliyeishika ngazi ameondoka.

Mpiga kinanda wetu mpya, kijana wa Redruth, alijitolea kuandika besi nyingine kwa kufuata kanuni. Akaiandika. Haina kosa hata moja, na baba hayumo ndani yake.

Wewe peke yako unayo. Baba alikufundisha mkienda mgodini alfajiri, wala hakuiandika. Iandike kwa do-re-mi, kama tulivyojifunza shule ya Jumapili, uitume. Sina haraka, ila ningependa iwe hapa kabla ya baridi.

Dada yako akupendaye,
Honor Nankervis


Carnwartha
10 Aprili 1933

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako ya Krismasi imenifikia leo, imechelewa, nami nimefurahi sana. Kumbe mmehama kule kwenye nyumba za mgodi mkaenda shambani! Ile niliyokuandikia Machi niliiandika kwa anwani ya zamani, lakini naamini mtu ataileta, Moonta si London.

Huku Pasaka inakaribia, na Bibi Chegwidden ameniletea mikate ya zafarani ambayo sikuila. Usimwambie mtu.

Nakukumbusha tu nililokuomba. Nitumie Loveday. Najua ni vigumu kwako kuachana na kitu ulichokaa nacho peke yako miaka yote hii, lakini nimefikia mahali ambapo siwezi kuendelea bila yeye. Nitumie kabla ya baridi, Digory. Baada ya hapo sitakuwa na haja naye.

Dada yako,
Honor


Moonta, Australia Kusini
28 Mei 1933

Dada Honor,

Salamu. Mimi mzima. Tumepanda ngano kwenye ardhi kavu na mvua haijaja. Kondoo wanne wamekufa. Jirani yangu, Bwana Altmann, Mjerumani, amenisaidia kuziba tangi la maji lililokuwa linavuja. Kuhusu barua yako ya Machi, sijaiona. Ya Aprili nimeiona, na ingekuwa heri ingepotea hiyo.

Nimeisoma mezani kwa sauti, kama tunavyosoma barua zako zote. Nilipofika pale, nikaikunja karatasi. Loveday akaniambia, "Endelea, Baba." Nikaendelea. Nikamwambia, "Umesikia? Shangazi yako anadhani mtoto wa mtu hutumwa kama kifurushi." Aliinuka. Alikusanya sahani.

Ulikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, Dada, umezoea kusema "njoo" mtoto akaja. Huyu si mwanafunzi wako. Mama yake alipofariki ndiye aliyeshika nyumba hii. Ndiye anayekamua, anayeoka, anayenikata nywele. Unaandika kwamba najua ni vigumu kuachana naye. Unajua nini wewe kuhusu kuachana na mtoto? Eti baada ya baridi hutakuwa na haja naye! Halafu baridi ipi? Ya kwenu ni Desemba. Ya kwetu inaanza wiki ijayo.

Nilikuwa na watoto wawili. Petherick nilimtoa kwa vita, na hukunisikia nikilalamika. Huyu simtoi.

Nasikitika kama hujisikii vizuri. Hapo kijijini kuna wasichana, ajiri mmoja.

Mdogo wako,
D. Nankervis


Carnwartha
5 Julai 1933

Digory, mdogo wangu,

Nakusalimu, na leo sitasema habari za mvua.

Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikakaa chini nikalia, na Bibi Chegwidden akaja kwa mlango wa nyuma akidhani nimepokea habari ya msiba. Nikamweleza. Akaniangalia, akasema, "Mwanamke mwenye vitabu vyote hivyo, umeshindwa kuandika neno 'tuni'?"

Ni tuni, Digory! Namtaka Loveday wa baba, simtaki wako. Nilikueleza yote kwenye ile barua ya Machi, nikadhani umekwisha kuisoma. Tumezoea mno kumtaja kama mtu, hata sikuona nilichoandika. Ninaomba besi tu. Hannibal amekufa nayo na sisi hatuna.

Mwambie mwanao asahau kila neno la mwanamke mzee. Mwambie akae na baba yake. Mimi sina haja ya mtu wa kunitunza, sijambo.

Nilisoma ulichoandika kuhusu Petherick. Ulikiandika kama mtu anayetaja kondoo. Sitakuuliza, nakujua. Lakini kiti changu kiko wazi siku ukitaka kukaa.

Dada yako,
Honor


Moonta
9 Julai 1933

Dada Honor,

Umeshinda.

Loveday ameondoka jana kwa meli kutoka Bandari ya Adelaide. Hakunificha. Ilikuwa Jumapili moja mwezi uliopita, tumetoka kanisani, nilikuwa navua viatu. Akasema, "Baba, nataka kwenda kwa Shangazi." Nikamwambia humjui mtu kule. Akasema, "Nikae hapa simjui mtu, au nikae kule simjui mtu, yote sawa." Nikamwambia unanijua mimi. Akasema, "Najua unavyokunywa chai. Najua ukikohoa mara ngapi kabla ya kuamka. Kanisani unafungua kitabu, unasimama, unafunga mdomo mpaka wimbo uishe. Watu wananiuliza baba yako ana nini, siwezi kuwajibu. Huko kuna mtu mmoja angalau aliyeniita kwa jina, akasema hawezi kuendelea bila mimi. Hapa hakuna aliyewahi kuniambia hivyo."

Nilikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Hilo la kumwambia sikujua kama linahitaji kusemwa.

Altmann alimpeleka kituoni. Mimi nilisema nina kazi ya uzio.

Atakapofika, atakuwa hana koti la baridi ya huko.

D.


Carnwartha
3 Septemba 1933

Mdogo wangu mpendwa, mdogo wangu wa pekee,

Amefika. Mzima, amekonda kidogo kwa bahari, koti nimempa langu jeusi. Nakuandikia upesi ili usikae na wasiwasi, lakini mkono wangu si wa upesi tena, barua hii imenichukua siku nyingi.

Barua yangu ya Julai ilipishana naye baharini. Alipogonga mlango nilikuwa kitandani mchana, jambo ambalo hujawahi kuniona nalo. Bibi Chegwidden alifungua. Nikasikia sauti ikisema, "Mimi ndiye Loveday. Nimetumwa." Nikadhani nimekwisha kufa na yule mdogo wetu amekuja kunipokea. Usicheke.

Sasa nitakwambia yale niliyokuwa nikiyazunguka. Nina uvimbe tumboni. Daktari aliniambia Februari, kabla sijaandika barua ya kwanza. Krismasi sidhani kama nitaiona. Nilipokuandikia "kabla ya baridi", maana yake ilikuwa hiyo.

La pili. Ningeweza kumwambia Loveday siku ileile: mwanangu, ni makosa, hatukukuita, panda meli urudi kwa baba yako. Niliifungua midomo ili nimwambie. Alikuwa amepiga magoti anawasha moto, akageuka akauliza, "Shangazi, chai yako unaipenda nzito?" Nikasema nzito. Na mpaka leo sijamwambia. Anadhani nilimtaka yeye. Digory, sasa namtaka yeye. Ananinyanyua kama mtu aliyezoea kunyanyua wana-kondoo. Ninajua kwamba mikono hii nimeitoa nyumbani kwako, nami sijairudisha. Unihukumu utakavyo.

La tatu ni gumu zaidi, na mhubiri sitamwambia.

Nimekuwa kiongozi wa darasa la waumini kanisani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimeingia kila nyumba yenye msiba katika kijiji hiki. Nimewashika mikono wanawake ambao waume zao walikuwa bado chini ya mgodi ulioanguka, nikawaambia, "Imba, mpenzi. Imba, utafarijika." Na waliimba, na nadhani walifarijika. Jioni moja mwezi uliopita maumivu yalikuja, nikajiambia, haya Honor, dawa uliyowapa watu, inywe. Nikaimba. Nilipita beti zote ninazozijua, na ninazijua nyingi. Maneno yalipita kama mabehewa matupu. Nikaogopa, Digory. Ninaogopa sasa hivi ninapoandika.

Nimelala hapa nikijiuliza ni nini basi kilichokuwa kikinifariji zamani, maana nilifarijika, hilo siwezi kulikana. Yalikuwa si maneno. Maneno nimeyachambua ubaoni, nimewatandika watoto kwa kuyasahau. Kilichonifariji ni kusikia chini yangu sauti ya mtu mwingine. Kwanza ya baba, kisha yako. Ulipokuwa ukiimba chini yangu, ukisimama pale mstari wa tatu bila kusogea, ningeweza kupanda popote na kuamini chochote. Nilidhani hiyo ndiyo imani. Labda ndiyo. Ulipoondoka nilibaki na Hannibal, Mungu ampumzishe, aliyeiweza lakini hakuwa wewe, na miaka yote hiyo nimekuwa nikiamini kwa kumbukumbu.

Ndiyo sababu naiomba besi. Nataka nisindikizwe nayo, lakini zaidi ya hapo nataka mtu aiimbe hapa chumbani nikiwa bado nasikia. Silas amesema tenor yake ataiacha, atashuka kwenye besi. Loveday ana sauti nzito kwa mwanamke, nimemsikia akiimbia ng'ombe wa Bibi Chegwidden. Nilimwambia, "Una koo la baba yako." Akashangaa. Akasema, "Baba hana koo. Baba hajawahi kuimba."

Digory, hajawahi? Wewe?

Dada yako,
Honor


Moonta
22 Oktoba 1933

Dada,

Salamu. Ngano imetoka fupi. Altmann ananikata nywele, nafanana na kondoo wake.

Barua yako ya Machi imepatikana. Mtu aliyenunua mbao za nyumba yetu ya zamani alipoung'oa mlango aliikuta imeanguka ndani, imeliwa pembe na mchwa. Aliniletea wiki ileile ilipokuja ya Septemba. Ya Julai ilikuwa imefika tangu Agosti. Kwa hiyo nimezipata zote, na nimezisoma kwa mpangilio ulioukusudia, na nimejiona mpumbavu kwa mpangilio huohuo.

Sikuhukumu. Kaa naye. Mnyweshe chai, anapenda ya maziwa mengi ingawa atakwambia yoyote sawa.

Umeniuliza. Habari ya Petherick ilipokuja kutoka vitani Ufaransa, hapakuwa na mwili wa kuzika. Watu wa kanisani wakasema tutamsindikiza hivyohivyo, wakatoka mlangoni kwangu wakaenda hadi makaburini bila jeneza, mikono mitupu, wakiimba. Wakamwimba Loveday, nilikuwa nimewafundisha mwenyewe sauti tatu za juu, besi nikiishika mimi. Nikafungua mdomo, haikutoka. Nikangoja mstari wa tatu. Nikasema pale lazima itatoka, hawawezi kupanda bila mimi. Wakapanda, Honor. Wakapanda wakafika, wakamaliza ubeti, wakaanza mwingine. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyejua kwamba aliyekuwa chini hayupo.

Basi nikafunga mdomo, na sikuona sababu ya kuufungua tena.

Wewe unasema ulihisi Hannibal hayupo. Wewe una masikio ya baba. Wengine walisikia wimbo tu.

Nimejaribu kukuandikia besi. Nimekaa na karatasi. Hainiji kwa mkono. Baba hakunipa noti, alinipa sauti, tukitembea, yeye mbele mimi nyuma, mguu na mguu. Ili niiandike lazima kwanza niiimbe, na siwezi. Nilisimama nyuma ya banda nikajaribu, nikatoa kikohozi. Ungeniomba shamba hili ningekupa.

Samahani, Dada. Mpende mtoto wangu. Sikumwambia.

Digory


Carnwartha
1 Desemba 1933

Digory,

Huu ni mwandiko wa mwanao, maneno ni yangu. Nimemwambia yote juu ya barua ya Aprili. Akasema, "Kwa hiyo nimesafiri dunia nzima kwa ajili ya tuni." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na Baba alikasirika namna ile kwa ajili yangu mimi?" Nikasema ndiyo, kwa ajili yako wewe. Akacheka, akalia, akanigeuza upande wa pili kwa sababu ubavu ulikuwa unauma. Sasa ananiambia nisimwandikishe mambo haya. Andika, mtoto.

Usiandike besi. Usijilazimishe. Nimewaambia Silas na Bibi Chegwidden kwamba siku yangu wasiweke ile ya kijana wa Redruth, wala Silas asishuke. Waache nafasi ilivyo. Umeandika kwamba walipanda wakafika, hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuwa mbali sana kugeuka, lakini nakwambia kwamba kila siku ya Bwana niliyoimba tangu uondoke niligeuka. Mtu husikia pia pale pasipo na kitu. Wakiniimbia na nafasi yako iko wazi, nitajua ni yako.

Bado naogopa, ila si wakati wote. Loveday ameshika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto na anaandika kwa wa kulia, ndiyo sababu karatasi imepinda.

Nilisema nitumie Loveday, ukanitumia. Sidai kingine.

Honor


Moonta
21 Januari 1934

Dada yangu Honor,

Nakusalimu, sijui uko katika hali gani ya kusalimiwa. Telegramu ya Loveday ilikuja kabla ya Krismasi. Barua yako ya tarehe mosi imekuja baada yake, wiki hii. Nimeiweka mezani siku mbili kabla sijaifungua, maana niliona ikiisha sitakuwa na nyingine ya kungoja. Ninakujibu kwa sababu barua zako zote nilizijibu, hata kwa kuchelewa, na sijui kumwandikia mtu mwingine.

Telegramu ilisema hivi: SHANGAZI AMEFARIKI. TUMEMWIMBA LOVEDAY. NAFASI YAKO TULIIACHA.

Sikuelewa ile nafasi mpaka niliposoma barua yako.

Mvua imenyesha, lakini ngano ilikwisha kuvunwa, haisaidii kitu. Tangi limejaa. Loveday hajasema lini atarudi, nami sitamwomba. Nimemwandikia kwamba nyumba hii haiendelei bila yeye. Ilinichukua karatasi tatu kuandika mstari huo mmoja. Nimemwambia pia habari ya kaka yake na kufunga mdomo.

Jana asubuhi, baada ya kusoma, nilitoka nikaenda kukagua uzio. Nilikuwa natembea tu. Njia ile ni nyembamba, mtu hutembea mguu mbele ya mguu, na nikaona natembea mwendo wa baba. Nikasema kama yuko mbele yangu sitageuka kumtafuta, nitamfuata. Ikatoka. Si nzuri, Honor. Ni kama mlango wa ghala. Ilikatika mara mbili nikaanza upya. Nilikusikia juu yangu, nakwambia kweli, ile namna yako ya kufika kwenye noti mapema kidogo kuliko wengine, ambayo baba alikukemea nayo na hukuwahi kuiacha.

Nimeandika kila mstari nilipoutoa, nikiegemeza karatasi juu ya nguzo za uzio. Nimeituma kwa Loveday pamoja na posta hii. Ana koo. Na Bibi Chegwidden si kijana, watahitaji besi muda si mrefu. Wewe imekukosa. Hilo nitakaa nalo mpaka na mimi nibebwe.

Nilipokuwa kwenye mstari wa tatu, pale pasiposogea, Altmann alikuwa anapita na mkokoteni wake barabarani. Besi peke yake si wimbo, unajua, mtu akiisikia bila wengine atadhani ni mnyama amenaswa. Akasimamisha farasi, akashuka, akaja mbio mpaka kwenye uzio.

"Nankervis! Umeumia wapi?"

Nikamwashiria kwa mkono kwamba niko salama, kwa sababu noti ilikuwa haijaisha na sikutaka kuiacha. Ilipoisha akauliza, "Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia naimba.

Akanitazama. Ni mtu mwema, hapendi kumsema jirani. Akasema polepole, "Lakini ilikuwa sauti moja tu. Haikwenda popote."

Nikamwambia, "Dada yangu anapanda."

Akavua kofia.

Mdogo wako,
Digory